Kodoni ya Mwanzo na Herufi Zinazoizunguka

Maelekezo ya kutengeneza protini katika seli ya yukarioti, yaani kiumbe ambaye seli zake zina kiini kilichozungukwa na utando, kama vile binadamu, mgomba, hamira na kimelea cha malaria, hunakiliwa kutoka kwenye DNA na kutolewa nje ya kiini yakiwa katika uzi mwembamba uitwao RNA mjumbe. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, ambazo ni adenini, guanini, sitosini na urasili, na kwa desturi wanasayansi huziandika A, G, C na U. Ribosomu, ambayo ndiyo mtambo wa seli unaounganisha asidi amino moja baada ya nyingine hadi protini ikamilike, huzisoma herufi hizo tatu tatu, na kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni. Kodoni ya AUG ina kazi mbili kwa pamoja, kwa kuwa huita asidi amino iitwayo methionini na pia huonyesha mahali ambapo usomaji unaweza kuanza. Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na msomaji hubaki akidhani kwamba ribosomu ikishaiona AUG basi kazi huanza, ilhali hapo ndipo swali gumu linapoanzia.

Herufi nne zikipangwa ovyo, AUG hutokea kwa bahati mara moja katika kila nafasi 64, na sehemu ya mbele ya RNA mjumbe ya binadamu, ile inayotangulia maelekezo ya protini na ambayo yenyewe haigeuzwi kuwa protini, ina urefu wa wastani wa takriban herufi 200. Kwa hesabu hiyo, sehemu ya mbele peke yake ingeweza kubeba AUG tatu hivi zisizohusiana kabisa na protini inayotakiwa. Kosa la kuanzia pasipostahili nalo si dogo, kwa sababu kodoni hazitenganishwi kwa nafasi wala kwa alama yoyote, na ribosomu ikianza herufi moja mbele au nyuma, kodoni zote zinazofuata hubadilika, na kinachotoka ni mnyororo wa asidi amino usiofaa kitu. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu zaidi ya AUG yenyewe kinachoiambia ribosomu ianzie wapi, na pia ianze kwa wingi gani. Mhadhara huu unashikilia kwamba kitu hicho, kwa sehemu kubwa, kimo katika herufi chache zinazoizunguka AUG na katika AUG nyingine ndogo zinazoitangulia, na kwamba mahali ambapo herufi hizo ni dhaifu panastahili kuchunguzwa kwa makini sawa na mahali ambapo ni imara, kwa kuwa seli huutumia udhaifu huo kama kipimo.

Bakteria walilitatua tatizo hili kwa njia yao. John Shine na Lynn Dalgarno, wakifanya kazi nchini Australia, walipendekeza mwaka 1974 kwamba RNA mjumbe ya bakteria ina kipande kifupi chenye wingi wa adenini na guanini, herufi chache kabla ya AUG, ambacho hushikana moja kwa moja na ncha ya RNA iliyo ndani ya ribosomu, hivyo ribosomu huweza kutua papo hapo penye mwanzo, hata katikati ya uzi mrefu wenye maelekezo ya protini kadhaa. Watafiti walipokitafuta kipande cha namna hiyo katika yukarioti hawakukiona, na RNA mjumbe za yukarioti kwa kawaida hubeba maelekezo ya protini moja tu.

Jibu lilitolewa na Marilyn Kozak, mtafiti wa Marekani ambaye kwa miaka mingi aliandika makala zake kuu akiwa mwandishi pekee, jambo lisilo la kawaida katika fani ambayo makala moja huweza kubeba majina kumi au zaidi. Mwaka 1978 alipendekeza kwamba sehemu ndogo ya ribosomu hujishika kwanza kwenye ncha ya mbele ya RNA mjumbe, mahali palipofunikwa kwa kifuniko maalumu cha kikemia, kisha husogea kuelekea mbele herufi kwa herufi, kama mwanafunzi wa madrasa anayepitisha kijiti chini ya mstari, mpaka ikutane na AUG inayofaa. Nadharia hiyo, inayoweza kuitwa nadharia ya upekuzi, ilieleza kwa nini AUG iliyo karibu zaidi na ncha ya mbele ndiyo inayotumiwa mara nyingi, na ilipata nguvu ilipodhihirika kwamba ribosomu za yukarioti hazijishiki kwenye RNA iliyofungwa kuwa duara, kwa kuwa duara halina ncha ya kuanzia. Hata hivyo palikuwa na RNA mjumbe ambazo AUG yake ya kwanza hurukwa na ribosomu huanzia kwenye ya pili au ya tatu, na nadharia isingeweza kusimama bila kulieleza jambo hilo.

Kozak alilishughulikia kwa njia mbili. Kwanza alikusanya mifuatano ya herufi inayozunguka kodoni za mwanzo zilizokwisha kujulikana na kuilinganisha, mpaka mwaka 1987 alipochapisha ulinganisho wa RNA mjumbe 699 za wanyama wenye uti wa mgongo. Katika hesabu ya fani hii, A ya AUG hupewa nambari +1, herufi inayoitangulia hupewa −1, na G ya AUG huwa ni +3. Mfuatano uliojitokeza ni GCCGCC, kisha A au G, kisha CC, kisha AUG, kisha G. Na nafasi iliyojitokeza kwa nguvu kuliko zote ilikuwa −3, ambako asilimia 97 ya RNA hizo zilikuwa na purini, yaani A au G, na A ikiongoza. Nafasi ya +4, ile inayofuata AUG mara moja, ilikuwa na G katika karibu nusu ya RNA hizo. Wingi peke yake hauthibitishi kazi, kwa hiyo njia ya pili ilikuwa ya majaribio: katika kazi iliyochapishwa mwaka 1986, Kozak alichukua jeni ya insulini ya panya, akabadilisha herufi moja moja karibu na AUG, akaiingiza katika seli za maabara na kupima kiasi cha protini kilichotoka. Mabadiliko hayo madogo yalifanya kiasi hicho kitofautiane hadi mara 20, na nafasi za −3 na +4 ndizo zilizokuwa na uzito mkubwa zaidi. Tangu wakati huo mfuatano huo huitwa mfuatano wa Kozak, na AUG huelezwa kuwa katika mazingira imara ikiwa ina purini kwenye −3 na G kwenye +4, na katika mazingira dhaifu ikiwa imekosa vyote viwili.

Namna ribosomu inavyozihisi herufi hizo ilichukua miaka mingine kufahamika. Sehemu ndogo ya ribosomu haipekui ikiwa peke yake. Huandamana na RNA ndogo iliyobeba methionini ya kwanza pamoja na kundi la protini saidizi za uanzishaji, ambazo hutajwa kwa alama kama eIF1, eIF2 na eIF5. Wakati wa upekuzi, eIF1 huishikilia ribosomu katika umbo lililo wazi, lenye kuruhusu uzi upite. AUG inapoingia mahali pake na kushikana na RNA iliyobeba methionini, eIF1 huondoka, ribosomu hujifunga juu ya uzi, molekuli ya nishati iitwayo GTP iliyoshikwa na eIF2 hukamilisha kuvunjika kwake, na baadaye sehemu kubwa ya ribosomu huja kuungana na ile ndogo. Herufi ya −3 hugusana na eIF2, na herufi ya +4 hugusana na RNA ya ribosomu yenyewe, kwa hiyo herufi zinazofaa huiimarisha hali ya kufungwa na kuipa nafasi ya kudumu mpaka hatua isiyorudi nyuma ipitwe. Katika mazingira dhaifu hali hiyo haidumu, ribosomu hufunguka tena na kuendelea na safari. Uamuzi huu basi si wa ndiyo au hapana tu. Ni mashindano ya kasi kati ya kufunga na kuondoka, na AUG moja inaweza kukubaliwa na ribosomu tisa katika kumi, nyingine na nne, nyingine na moja.

Virusi vinavyosababisha UKIMWI vinaifahamu hesabu hiyo, ikiwa inaruhusiwa kusema kwamba virusi hufahamu. Aina ya kwanza ya VVU hutengeneza RNA mjumbe moja yenye maelekezo ya protini mbili yaliyofuatana: ile ya Vpu, ambayo huvisaidia virusi vipya kutoka katika seli, na ile ya protini ya gamba la nje, ambayo virusi haviwezi kuambukiza bila hiyo. AUG ya Vpu ndiyo inayotangulia, lakini mazingira yake ni dhaifu, na kwa sababu hiyo sehemu nzuri ya ribosomu huiruka na kuifikia AUG ya gamba. Herufi zinazoizunguka AUG ya Vpu zingekuwa imara kabisa, virusi vingekuwa na Vpu tele na gamba haba. Uwiano wa protini mbili umewekwa kwa herufi chache, bila jeni ya pili na bila protini ya kuuratibu.

Mfano ulio mzuri zaidi wa matumizi ya udhaifu unapatikana ndani ya mtambo wenyewe wa uanzishaji. Imeelezwa kwamba eIF1 ndiyo inayoifanya ribosomu iwe kali katika uchaguzi, kwa kuishikilia katika umbo la wazi. Jeni ya eIF1, kwa wanyama, mimea na kuvu, ina AUG iliyo katika mazingira dhaifu, na udhaifu huo umehifadhiwa kwa vizazi visivyohesabika. Sababu yake inaeleweka mara tu mzunguko unapofuatwa: eIF1 ikizidi katika seli, ribosomu huwa kali na kuzikataa AUG dhaifu, ikiwemo AUG ya eIF1 yenyewe, hivyo utengenezaji wake hupungua; eIF1 ikipungua, ukali hulegea, AUG hiyo dhaifu hukubaliwa, na eIF1 huongezeka. Mtu anayeorodhesha mifuatano na kuipa alama kwa kuilinganisha na mfuatano bora angeipa jeni hii alama ya chini na kuendelea, akiwa amelikosa jambo lenyewe.

Mbali na herufi za jirani kabisa, zipo AUG ndogo zilizo katika sehemu ya mbele, kabla ya mwanzo halisi, ambazo kila moja huanzisha maelekezo mafupi yanayoishia kwenye kodoni ya kukomesha. Maelekezo hayo yanaweza kuitwa fremu za awali. Karibu nusu ya RNA mjumbe za binadamu zina angalau fremu ya awali moja, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa kawaida fremu hizo hupunguza protini kuu kwa asilimia 30 hadi 80, kwa sababu ribosomu nyingi zinazoishia katika fremu ya awali huachana na uzi bila kuifikia AUG kuu. Kama AUG ya fremu ya awali iko katika mazingira imara, kizuizi huwa kikubwa. Kama ni dhaifu, ribosomu nyingi huiruka. Jeni ya thrombopoietini, homoni inayochochea utengenezaji wa chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, ina AUG saba kabla ya ile halisi, na kwa hiyo homoni hiyo hutengenezwa kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 1998 ilielezwa familia moja ya Uholanzi ambayo badiliko la herufi moja liliikata sehemu hiyo ya mbele na kuziondoa baadhi ya AUG hizo za vizuizi, na wenye badiliko hilo walikuwa na homoni na chembe sahani kupita kiasi, ingawa protini ya homoni yenyewe haikuwa na dosari yoyote.

Fremu ya awali inayostahili kuangaliwa kwa urefu zaidi katika Afrika Mashariki ni ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Mwanamke aliyekulia katika eneo lenye malaria nyingi huwa amejenga kinga ya kutosha kumlinda dhidi ya ugonjwa mkali, lakini apatapo ujauzito wa kwanza hujikuta hatarini upya, na mtoto wake huweza kuzaliwa akiwa na uzito mdogo. Sababu yake ilifahamika kwa utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 1996 na Michal Fried na Patrick Duffy, ambao walionyesha kwamba vimelea vinavyopatikana katika kondo la nyuma hujishika kwenye molekuli ya sukari iliyopo huko, iitwayo kondroitini salfeti A, wakati vimelea vya mahali pengine mwilini hujishika kwenye molekuli tofauti. Baadaye ilibainika kwamba protini inayofanya kazi hiyo ni VAR2CSA, mojawapo ya familia ya protini takriban 60 ambazo kimelea huonyesha moja kwa wakati juu ya chembe nyekundu ya damu na kuzibadilishana ili kuikimbia kinga.

VAR2CSA haina faida kwa kimelea kilicho ndani ya mwili wa mwanamume, mtoto au mwanamke asiye mjamzito, kwa kuwa humo hakuna kondo la nyuma la kushikamana nalo. Kuionyesha huko kungekuwa kuipa kinga ya mwili nafasi ya kuijua mapema. Hata hivyo RNA mjumbe ya jeni hiyo imekutwa hata katika vimelea vya watu wasio wajawazito. Ufafanuzi uliotolewa mwaka 2009 ni kwamba mbele ya maelekezo ya VAR2CSA ipo fremu ya awali yenye kodoni 120, ambayo huzimeza ribosomu na kuizuia protini kuu isitengenezwe, ingawa RNA ipo. Fremu za awali zinazoruhusu ribosomu ianze tena baadaye huwa fupi sana, kwa sababu kadiri ribosomu inavyosoma kwa muda mrefu ndivyo protini saidizi za uanzishaji zinavyozidi kuachana nayo, na fremu ya kodoni 120 ni ndefu mno kwa kipimo hicho. Kimelea kinahitaji basi njia ya pekee ya kukivuka kizuizi chake chenyewe, na mwaka 2017 ilitambuliwa protini moja ya kimelea, iliyopewa jina la PTEF, ambayo huwezesha ribosomu kusoma VAR2CSA na ambayo jeni yake huwa na shughuli nyingi katika vimelea vya kondo la nyuma. Kimelea huweka RNA tayari na kuifunga kwa fremu ya awali, kisha hukifungua kifungo hicho panapokuwa na kondo la nyuma. Chanjo mbili zinazolenga VAR2CSA, PAMVAC na PRIMVAC, zimekwisha kujaribiwa kwa binadamu, zikiwemo hatua zilizofanyika Benin na Burkina Faso, na ufahamu wa lini protini hiyo huonekana na lini hufichwa una uzito katika kupima matumaini yanayowekwa kwenye chanjo hizo.

Ni vyema ieleweke pia kwamba mfuatano wa Kozak ni wa wanyama wenye uti wa mgongo, wala hauhamishiki mzima mzima kwenda kwa viumbe wengine. Jenomu ya Plasmodium falciparum ina A na T, herufi ambayo katika DNA hushika nafasi ya U, kwa karibu asilimia 80, na sehemu za mbele za RNA zake zimejaa A na U, hivyo GCC zinazosifiwa kwa binadamu ni nadra huko. Hamira nayo hupendelea A kabla ya AUG, na kiasi cha protini yake hakiyumbi sana kwa mabadiliko ya herufi hizo kama kinavyoyumba kwa mamalia. Purini kwenye −3 ndiyo inayoelekea kupendwa karibu kila mahali.

Kwa binadamu, kupotea kwa purini hiyo kunaweza kuwa ugonjwa. Mwaka 1985 ilichapishwa taarifa ya alfa-talasemia, upungufu wa kurithi wa moja ya sehemu za himoglobini, iliyotokana na kufutika kwa herufi mbili, za −2 na −3, kabla ya AUG ya jeni ya alfa-globini kutoka Aljeria. Herufi za protini hazikuguswa hata moja, lakini kufutika huko kulisogeza C mahali pa A kwenye −3, na utengenezaji wa globini kutoka kwenye jeni hiyo ukashuka sana. Alfa-talasemia iliyoenea katika pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, ambayo huwapunguzia watoto hatari ya malaria kali, ni ya chanzo kingine, yaani kupotea kwa kipande kizima cha DNA, na haifai kuchanganywa na hiyo.

Chanjo ya Pfizer na BioNTech dhidi ya UVIKO-19 inaonyesha jinsi maarifa haya yalivyogeuka kuwa kazi ya kila siku ya wahandisi wa RNA. Sehemu yake ya mbele ilitengenezwa kwa kuiga ile ya alfa-globini ya binadamu, na herufi sita zinazoitangulia AUG ni GCCACC, zikiwa na A kwenye −3 kama inavyotakiwa. Lakini kwenye +4 hakuna G. Ipo U, katika umbo lililorekebishwa kikemia. Wahandisi hawakuwa na uhuru hapo, kwa sababu nafasi ya +4 tayari imo ndani ya maelekezo ya protini, na asidi amino ya pili ya protini ya virusi ni fenilalanini, ambayo kodoni zake zote huanza na U. Kila protini hukutana na mvutano huo kati ya herufi inayofaa kwa uanzishaji na herufi inayodaiwa na asidi amino ya pili, na ndiyo sababu mojawapo inayofanya G ya +4 isienee kama purini ya −3.

Kwa daktari anayesoma jenomu ya mgonjwa, herufi za karibu zina msaada wa moja kwa moja. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya michanganyiko yote 65,536 ya herufi kutoka −6 hadi +5, AUG ikibaki palepale, na badiliko lolote katika nafasi hizo linaweza kutafutwa katika orodha hiyo na kukadiriwa nguvu yake. Fremu za awali hazina orodha ya namna hiyo, kwa sababu athari zake hutegemea urefu, umbali hadi AUG kuu na mazingira ya kila AUG kwa pamoja. Tena vipimo vingi vya kijenetiki vya hospitali husoma zaidi sehemu za jeni zenye maelekezo ya protini, na programu za uchambuzi mara nyingi huyaweka mabadiliko ya sehemu ya mbele katika kundi la yasiyo na maana. Badiliko likishukiwa, njia iliyopo ni kuipeleka sehemu nzima ya mbele maabara, kuiunganisha na jeni ya kimeng'enya cha kimulimuli, kuiingiza katika seli na kupima mwanga unaotoka, mara moja ikiwa na herufi ya mgonjwa na mara moja ikiwa na herufi ya kawaida, huku kiasi cha RNA kikipimwa kando ili tofauti ya mwanga ihesabiwe kuwa ya ribosomu peke yake. Jaribio hilo linahitaji wiki chache na vifaa ambavyo maabara ya kawaida ya baiolojia ya molekuli huwa navyo.